Mtani Aliyekataa Kutania

Habari za Wajerumani kukaribia Misima zilipofika, Mdoe, Mzigua aliyekuwa mkuu wa kijiji hicho, aliamua kufunga lango na kupigana. Aliutegemea ua wa miiba, ambao hata Wamasai hawakuwahi kuupenya.

"Tuwapeleke watoto porini," mkewe Zamda alimsihi.

"Niyakimbie makaburi ya wazee? Nitaitwa mwanamume tena?"

Mchana huo Hiza, Mshambaa na mtani wake, aliingia akichechemea kutoka Korogwe. Watani hawaoneani haya. Siku ya harusi ya Mdoe, Hiza alimvua kilemba mbele ya wakwe. Leo Mdoe alimuwahi kwa utani.

"Karibu, mla ndizi! Umekuja kurithi wake zangu?"

Hiza akainamisha kichwa. "Shikamoo, mzee."

Mdoe akamshika bega; mtani huyu hakuwahi kumwamkia.

"Nitukane, Hiza."

"Leo siwezi. Wajerumani wana mzinga. Ua wa Korogwe uliwaka kama nyasi kavu, na waliokuwa ndani hatukuweza hata kuwatambua."

Mdoe aliwatazama vijana wake waliokuwa wakinoa mishale. Nchi ni hawa, aliwaza; ua utaota tena.

"Zamda, ondoka na watu wote, na mbegu. Mpigane siku mtakayoichagua wenyewe. Mimi nitawachelewesha kwa maneno."

Zamda alilia, lakini akatii. Kijiji kilipobaki kitupu, Mdoe alilifungua lango, akaketi.

"Nenda nawe," alimwambia Hiza.

"Niende wapi? Mzigua huzikwa na mtani wake."

Wakaketi pamoja, wakiitazama njia ya Korogwe.