Damu ya Paka

Mume wangu ni fundi mwashi, na kichwa chake ni kigumu kuliko matofali anayojengea. Mbwa wetu huyu, mume wangu ndiye aliyemwokota kwenye mfuko mtupu wa saruji, kadogo, kanalialia, akadhani ni kipaka. Alipokuja kugundua, jina alishampa. Nikamwambia, mzee, badilisha. Akasema jina ni jina. Sikio la kufa halisikii dawa, nikamwacha. Yeye akawa anamwita Paka, mimi namwita "wewe", na mbwa akatuvumilia wote wawili.

Sasa huyo "wewe" alikuwa amelala kwenye meza ya daktari wa mifugo, macho ya njano, fizi nyeupe kama chaki. Mkojo wake ulikuwa umegeuka rangi ya chai isiyo na maziwa.

Daktari, mama wa makamo asiyecheka ovyo, alishaviona vimelea kwenye darubini. "Kupe ndio wamevileta," alisema. "Vinaingia kwenye damu na kupasua chembe zake, ndiyo maana amekuwa wa njano. Sindano ya kuviua ipo, ila ni kali kwa figo. Figo zikiwa zimeshachoka, inaweza kummaliza. Kwa hiyo tumepeleka damu maabara, tuone kemia yake, yaani figo na ini, ikoje."

Majibu yakaja, na hapo ndipo nilipopotea. Ini bovu, figo safi. Daktari mwenyewe alikunja uso. Akainama, akanusa mdomo wa mbwa, akairudia karatasi.

"Figo zingekuwa safi asingenuka hivi," akasema. "Lakini mashine imeandika ziko sawa."

"Kwani mashine inamjua kuliko sisi?" nikauliza.

"Mwache mama wa watu afanye kazi," mume wangu akasema.

"Nimemwacha. Nauliza tu."

Hasira zilinipanda na sikujua nimshushie nani. Mimi ni mshonaji. Kitambaa kikipungua kimepungua, hakikwambii kinatosha huku magoti yako nje. Hii damu ilikuwa inasema nini?

Daktari akasema vimelea havitusubiri, akavuta dawa kwenye sindano. Mbwa alikuwa anatetemeka. Akamshika shingo taratibu. "Tulia, baba, tulia. Anaitwa nani huyu?"

"Paka," mume wangu akajibu.

Mkono wa daktari ukasimama. "Nani?"

"Paka. Ndilo jina lake."

"Na kwenye chupa ya damu mliandikisha nini?"

"Binti wa mapokezi aliniuliza nani anaumwa. Nikamwambia Paka."

Daktari akaiweka sindano chini, akapiga simu maabara. Sisi tulisikia upande wake tu. "Mmeipima kama ya paka? Ni mbwa, ndugu yangu. Anabweka."

Alirudi akakaa. Akatueleza kwamba damu ya paka na ya mbwa hazipimwi kwa kipimo kimoja. Namba ya figo ambayo paka anatembea nayo mzima, kwa mbwa ni ugonjwa. Na ile ya ini iliyomtisha, kwa mbwa ni ya kawaida tu. "Nilisoma alama za mashine za juu na chini, namba zenyewe sikuzisoma," akasema. "Hilo ni langu. Figo zimechoka. Tumtundikie dripu kwanza, sindano ingoje."

"Atapona?"

"Sijui."

Angalau hilo nililielewa.

Ikatolewa damu nyingine. Binti wa mapokezi akashika kalamu, akauliza jina. Mume wangu akavua kofia. "Andika Mbwa," akasema. Miaka yote hiyo nilitaka kulisikia hilo, na lilipokuja halikunifurahisha hata kidogo.

Mbwa alilazwa pale kwenye dripu. Namba za figo zilipoanza kushuka, daktari akamchoma ile sindano, kisha akatuita tuje tumwone. Mbwa alikuwa amejikunja kwenye kizimba, ametupa mgongo. Mume wangu akashika nondo za mlango.

"Mbwa," akaita.

Akagonga nondo kwa kidole.

"Mbwa, baba."

Hata sikio halikutikisika. Akanigeukia, uso umemshuka, kama vile mimi ndiye ninayejua la kufanya. Nikachuchumaa. Lile neno halikuwa limewahi kutoka kinywani mwangu.

"Paka," nikasema.

Mkia ukagonga sakafu, ukagonga tena, na mimi nikalia mbele za watu.