Kanuni ya Januarius

Zamda hakuwa mtu wa kuficha dharau. Alipoingia kwenye semina ya walimu wa hisabati pale Bariadi, aliutazama ukumbi mara moja tu, akaupa maksi zake kimoyomoyo: sifuri. Nusu ya watu walifuata soda na chapati. Nusu nyingine walikuja kumpigia makofi mgeni rasmi. Jirani yake alikuwa mzee Mboje, mwalimu wa darasa la tatu kutoka Shishiyu, koti limejaa nyuzi za pamba mabegani.

"Mwangaluka, mayo," mzee alimsalimia kwa Kisukuma, akimwita mama.

Zamda aliitikia kwa kope, akavuta mtandio wake usiguse lile koti.

Lakini dharau iliyonona alikuwa amemwekea Januarius, mwalimu mwenzake wa sekondari. Majuma matatu nyuma Zamda alikuwa amemwonyesha mpangilio wa namba aliokuwa akiuchezea daftarini. Unaanza na moja na moja. Mstari unaofuata unanakili ule wa juu, ila katikati ya kila majirani wawili unapachika jumla yao: moja, mbili, moja. Kisha moja, tatu, mbili, tatu, moja. Hivyo hivyo, kila mstari ukimzaa mwenzake.

"Mchezo wa chekechea huu," Januarius alicheka. Hata hivyo aliupiga picha kwa simu, eti akawaonyeshe wanawe.

Leo mchezo wa chekechea ulikuwa ukutani kwa projekta, herufi za dhahabu juu yake: KANUNI YA JANUARIUS.

"Ndugu mgeni rasmi," alisema Januarius, tai imemkaba shingo, "nimeutafiti mpangilio huu hadi mstari wa saba. Tatu inatokea mara mbili. Tano, mara nne. Saba, mara sita. Kwa hiyo kila namba witiri kuanzia tatu itatokea mara pungufu kwa moja kuliko yenyewe. Daima na milele!"

Makofi. Mgeni rasmi alitikisa kichwa kama aliyeelewa. Zamda aliwatazama wakipiga makofi, akajisikia kama mtu anayeangalia kuku wakigombania kokoto. Hakuna hata mmoja aliyeshika kalamu. Januarius aliiba, sawa; lakini kuiba halafu ukakomea mstari wa saba! Hata mwizi wa ng'ombe huhesabu alichoswaga.

Akasimama. "Na tisa?"

"Tisa itatokea mara nane," Januarius alijibu bila kupepesa macho.

"Umehesabu?"

"Kanuni imeshathibitika, madam. Hatuhesabu mchanga wa ziwani."

Zamda alikuwa akilisubiri jibu hilo tangu alipoona jina la Januarius kwenye ratiba. Alitoa chini ya kiti karatasi za manila alizounganisha kwa gundi, akazitandaza sakafuni kutoka meza kuu hadi karibu na mlango. Mistari yote tisa kwa mwandiko wake, wa mwisho una namba mia mbili hamsini na saba. Kila tisa ya mstari huo wa mwisho aliizungushia wino mwekundu.

"Karibuni mhesabu. Chekechea wanaweza."

Watu waliinama. Moja, mbili... sita. Wakarudia. Sita. Mtu mmoja kule nyuma alicheka, kicheko kikaenea. Januarius alisema huenda madam amekosea kujumlisha mahali fulani. Mgeni rasmi akaangalia saa yake, akasema utafiti ni safari ndefu, akamkabidhi Januarius cheti kilichokwisha kuchapwa. Makofi tena, yale yale.

Zamda alitabasamu kwa upande mmoja wa mdomo. Wapumbavu hawa hata kushindwa hawajui.

Watu walipotoka kufuata chapati, alirudi kukunja karatasi zake. Mzee Mboje alikuwa amepiga magoti juu ya manila, kidole kikitembea kwenye mistari.

"Usichafue, mzee."

"Mayo, kwa nini tisa imepungukiwa?"

"Ndivyo ilivyo. Nimeihesabu."

"Hapana, kuhesabu nimeona. Nauliza kwa nini." Mzee hakuinua macho. "Saba inazaliwa na moja na sita, mbili na tano, tatu na nne. Ukigeuza pande, jozi sita. Zote zimo. Tisa ni moja na nane, mbili na saba, nne na tano. Ukigeuza, sita. Na tatu na sita? Nimepita mistari yote, tatu na sita hawakai jirani popote. Wala mbili na nne. Wenye kigawo cha pamoja, iwe mbili au tatu, hawajengi pamoja."

Zamda aliinama karibu na kidole cha mzee. Usiku ngapi alizungushia zile tisa wino mwekundu, akifurahia tu jinsi Januarius atakavyoumbuka? Hakuwahi kuuliza zimezaliwa na nani. Joto lilimpanda masikioni. Dharau aliijua ladha yake vizuri, ila hakuwahi kuionja ikimgeukia mwenyewe.

"Na kwa nini hawakai jirani?" akauliza, sauti ndogo.

"Hilo sijui. Wewe ndiwe una digrii." Mzee alisimama, akajipangusa magoti. "Nawahi gari la Maswa."

Kutoka nje ilisikika sauti ya Januarius akiwaeleza watu kanuni yake, chapati mdomoni. Zamda hakumsikiliza. Alikaa sakafuni, viatu vimevuliwa, akaanza upya kutoka mstari wa kwanza.