Mteja Mwaminifu wa Mwezi

Fundi makochi alikuwa na desturi ya kujisema mwenyewe kabla hajasemwa. Akikosea kukata kitambaa, hutangulia kujiita mbumbumbu, mteja akabaki hana la kuongeza. Lakini kwa habari ya kadi ya pointi, hata yeye alichelewa kujicheka, na alipoanza kucheka mambo yalikuwa yamekwisha kuharibika.

Kadi yenyewe aliipata bila kuitafuta. Aliingia supamaketi mpya ya barabara kuu kununua gundi, na keshia akamwuliza kwa sauti ya upole, "Una kadi yetu, baba?" Hana. "Tukutengenezee? Ni bure." Sasa, huyu ni mtu ambaye maishani mwake hajawahi kuwa mwanachama wa kitu chochote. Timu ya mtaa ilimkataa mapema, na kwaya ilimwomba kwa heshima zote awe anaimba kimoyomoyo. Akatoka na gundi mkononi na kadi kwenye mfuko wa shati, kifua mbele, anatembea kama aliyeteuliwa leo asubuhi.

Tangu siku hiyo akawa hashikiki. Kila kitu lazima kinunuliwe kule, maana ndani ya kabati la kioo karibu na mlango kulikuwa na drili ya umeme ya kutobolea mbao, na drili ile ilipatikana kwa pointi. Siku za pointi mara mbili alibeba chochote kilichobandikwa alama nyekundu. Jumamosi moja alileta nyumbani mifuko mitatu ya chakula cha paka.

Mkewe aliipanga mifuko mezani, akaitazama, kisha akamtazama yeye.

"Baba watoto, tunaanza kufuga paka, au tunaanza kula wenyewe?"

"Ni pointi mara mbili, mama."

"Haya. Basi jioni nitakupakulia pointi."

Lakini kilichomnyima raha hakikuwa paka. Alikuwa shemeji yake, kaka wa mkewe, mwenye duka la kona. Fundi alipoanza kazi hakuwa na karakana wala senti ya kukodi moja. Shemeji ndiye aliyesogeza magunia ya mchele, akamwambia, "Weka makochi yako hapo barazani. Ukilala njaa, dada yangu atakuja kunililia mimi." Miaka miwili fundi alipigilia misumari kwenye baraza lile bila kuombwa kodi. Hata alipopata pake, hakupitisha siku bila kununua kitu pale na kutukanwa.

Na shemeji alijua kutukana. Alianzia kwenye masikio ya fundi, akashuka hadi kitambi, akapitia mishono iliyopinda, akamalizia kwa kushangaa dada yake aliona nini. Fundi naye alirudisha kadiri alivyojaliwa, wateja wanashika mbavu. Mgeni angedhani watu hawa wana kesi mahakamani. Wenyeji walijua kwamba huo ndio upendo wao.

Sasa mtu ataingiaje pale na mifuko ya njano ya supamaketi? Fundi akapata akili, au alichokiita akili. Alitandika sponji ya makochi, akalaza juu yake chupa ya mafuta, mche wa sabuni na pakiti ya sukari, akaviringisha, akafunga kamba, akatupia begani. Akapita mbele ya duka akipiga mluzi.

"Shemeji!" yule akamwita kutoka ndani. "Mbona sponji ya siku hizi inakupindisha mgongo?"

"Hii daraja la kwanza, shemeji! Nzito!"

Mtu mzima, baba wa watoto watatu, anapenya mtaani kwake kama mwizi na mafuta ya kupikia aliyoyalipia mwenyewe. Alijicheka moyoni, lakini miguu haikusimama. Na ili asishukiwe, kila jioni alinunua kiberiti kwa shemeji. Nyumba ikajaa viberiti mpaka mkewe akaanza kuwakataza watoto kukimbia sebuleni.

Siku ya siku ikafika. Keshia alipitisha kadi, mashine ikalia mlio mwingine, meneja akatoka ofisini na mkono ameunyoosha. Hongera, baba, wewe ndiye mteja mwaminifu wa mwezi huu. Wakamsimamisha kando ya matunda, kadi ameishika karibu na shavu, wakampiga picha. Fundi alitabasamu mpaka magego ya mwisho yakaonekana. Swali lake lilikuwa moja tu, kama kuna pointi za nyongeza. Zilikuwepo. Basi akatia sahihi pale alipoonyeshwa.

"Picha tutaibandika," meneja alisema.

"Bandikeni tu."

Yeye alifikiria kipicha kidogo karibu na keshia. Wiki iliyofuata, akielekea karakana asubuhi, alikuta watu wamesimama kona wakitazama juu. Mkabala na duka la shemeji kuna ghorofa, na ukuta wake mtupu hukodishwa kwa matangazo. Ukuta haukuwa mtupu tena. Turubai lilishuka kutoka paani hadi karibu na dirisha la chini, na kwenye turubai alikuwepo yeye, na meno yake yote. Chini yake pameandikwa: MTEJA MWAMINIFU WA MWEZI. HAENDI KWINGINE.

Wazo lake la kwanza, tusimfichie, lilikuwa kwamba picha imetoka vizuri. La pili lilipofika, aligeuka kulitazama duka la shemeji.

Akaingia dukani amejiandaa kwa matusi. Aliyataka kabisa, yamwagike yaishe. Shemeji alikuwa anafuta kaunta.

"Karibu, bwana. Nikusaidie nini?"

"Shemeji..."

"Kiberiti?"

"Shemeji, ile picha..."

"Nzuri. Hongera." Akampa kiberiti na chenji kwa mikono miwili. "Karibu tena, bwana."

Ikawa hivyo kesho yake na keshokutwa. Bwana, karibu. Bwana, asante. Hakuna aliyegusa masikio yake wala kitambi chake. Karakanani fundi alishona foronya nje ndani, akajiita mbumbumbu kwa sauti, lakini tusi la kujitukana peke yako halina ladha. Iliuma, na iliuma zaidi kwa kuwa alijua ameitafuta mwenyewe.

"Kaka yangu akimwita mtu bwana, ujue amemtoa moyoni," mkewe alimwambia.

"Lakini ni duka tu, mama. Watu wote wanaenda kule."

"Wanaenda, na wanapita pale kwake na mifuko yao, anawatukana, yanaisha. Wewe ukaficha kwenye sponji."

"Kwani alijua?"

"Mtaa mzima ulijua. Mafuta yalikuwa yanavuja."

Mkewe akaendelea taratibu, "Alikuwa anasubiri useme mwenyewe. Badala yake ukaenda kumwambia ukutani kwamba huendi kwingine."

Asubuhi fundi akaenda kwa meneja kuomba bango lishushwe. Meneja akasema haiwezekani mpaka mwezi uishe, isipokuwa mteja ajitoe uanachama. Akijitoa, pointi zinafutwa, kwa hiyo azitumie leo leo au azisahau. Fundi akageuka kulitazama kabati la kioo. Zilibaki pointi chache mno aifikie drili.

"Na nikijitoa Jumatatu?" aliuliza. "Jumamosi si ni mara mbili?"

"Ni wewe tu, baba."

Akasimama pale, kichwani anawapima drili na kaka wa mkewe, na aibu ni kwamba drili ilikuwa inaelekea kushinda. Ndipo alipojiona kwenye kioo cha kabati, mdomo wazi, vilevile kama ukutani. Akaitoa kadi mfukoni, akamkabidhi keshia. Keshia akahesabu pointi, kisha akaikata kwa mkasi. Pointi zake zote zikatosha katoni moja ya sabuni, na fundi akaibeba kichwani, bila sponji, akapita katikati ya mtaa kila mtu akimwona.

Akaitua juu ya kaunta. "Shemeji, nimejitoa. Bango wanashusha leo jioni. Pointi zangu zote ndizo hizi, nimekuletea wewe."

"Asante, bwana," shemeji akasema, akaigeuza katoni. Ubavuni palikuwa na stika ya njano yenye bei. Akaisoma. Akaisoma tena.

Hapo fundi akaelewa alichokifanya. Amekuja kumwomba msamaha mwenye duka kwa sabuni ya mshindani wake, tena yenye bei ya chini kuliko ile anayonunulia shemeji kwa jumla. Kama ujinga ungekuwa na shule, yeye angekuwa mwalimu mkuu.

Shemeji akainua uso polepole. Shingo ilikuwa imevimba.

"Hivi wewe," alianza kwa sauti ya chini, "wewe ni mtu wa namna gani? Unanikimbia, unapandishwa ukutani na hayo meno kama unayauza, nayatazama asubuhi mpaka jioni, usiku nayaota! Halafu kuniomba radhi unaniletea sabuni ya walewale? Na stika hukubandua! Niliwaambia nyumbani, nikasema huyu masikio makubwa lakini katikati yake hakuna kitu, wakasema mwache, anampenda dada yako..."

Sauti ilikuwa imepanda, watu wamejaa mlangoni. Fundi alitaka kurudisha. Badala yake machozi yalimtoka mbele za watu, na hakujali.

"Nisamehe, shemeji."

"Nyamaza! Nani amekwambia uongee?" Shemeji akalisukuma kreti tupu kwa mguu mpaka mbele yake. "Kaa hapo. Bado sijamaliza."

Fundi akakaa.