Nyasi Zilizokunywa Mafuta

Shangazi yangu ni mpishi wa chuo ninachosoma, na sheria yake ni moja tu: kilichotoka ardhini kirudi ardhini. Maganda ya viazi, majani ya chai, nyasi zilizofyekwa uani, vyote huingia kwenye shimo la mboji nyuma ya jiko. Ukitupa ganda la ndizi kwenye pipa la taka, atakutaja wewe na ukoo wako mbele ya foleni nzima ya chakula.

Mimi nasoma kilimo, mwaka wa pili, na sheria yangu ilikuwa kutonyamaza. Kwa hiyo lori la mafuta lilipopinduka darajani na kumwaga shehena yote kwenye kijito, nilikuwa wa kwanza kufika na wa mwisho kufunga mdomo. Kando ya kijito kile kulikuwa na bustani za mboga za familia hamsini. Siku ya tatu zilikuwa nyeusi kama kitako cha sufuria. Nikaandika insha ya kurasa kumi na nne. Niliandika kwamba wenye mafuta huyasindikiza mpaka getini tu, yakishatoka hawajui yanalala wapi. Niliandika pia kwamba gunia la unga wa msaada ni jibu la wiki mbili kwa swali la miaka kumi. Nikamsomea Shangazi insha yote huku akimenya viazi.

"Nzuri," alisema. "Sasa hawa watu wanakula ukurasa wa ngapi?"

Nilinuna siku mbili. Lakini sikukaa bure. Wanafunzi tulitandaza nyasi kavu kijitoni zifyonze mafuta, tukazijaza kwenye viroba. Lori la taka la manispaa lilipaswa kuja kuvichukua, na halikuja. Mimi si mtu wa kusubiri lori. Nilibeba viroba vinane, kimoja kimoja, mgongoni, nikavimwaga kwenye shimo la Shangazi upande wa uzio. Nyasi ni nyasi. Nilirudi bwenini nikitembea kama jemadari.

Wakati huo Shangazi alikuwa na vita vyake. Afisa wa misaada, ambaye sote tulimwita Bwana Fomu kwa sababu hakuwahi kuonekana mikono mitupu, alikuwa akigawa unga uwanjani. Shangazi alimfuata na aproni yake.

"Baba, unga wako unaishia sufuriani. Nipe tangi la maji safi na mbegu, kila familia ipande mboga kwenye magunia mlangoni kwake, mbali na kijito. Mboji ninayo mimi."

Bwana Fomu aliandika, akafuta, akaandika tena. "Mama, nionyeshe magunia ishirini yaliyoota, wiki mbili kuanzia leo. Nikiyaona, nitaziombea familia zote hamsini tangi na mbegu. Nisipoyaona, tutagawa unga mpaka fungu liishe, basi."

Tukajaza magunia ishirini. Manane ya kwanza tulichota mboji upande wa jiko, kumi na mawili yaliyobaki upande wa uzio. Tukapanda mchicha, mbegu alizonunua Shangazi kwa muuza mbegu wa mjini. Shangazi aliyasalimia magunia yale kila asubuhi kabla ya kunisalimia mimi.

Siku ya kumi na tatu, manane yalikuwa kijani mpaka yanatia wivu. Kwenye yale kumi na mawili miche ilikuwa imechomoza, ikageuka njano, ikalala chali.

"Yule muuza mbegu kanichanganyia makapi!" Shangazi alijifunga kibwebwe. "Leo atanieleza alizitoa kaburi gani."

Akaondoka. Nikabaki kumwagilia. Maji yaliyochuruzika chini ya gunia la kwanza la njano yalikuwa na rangi za shingo ya tausi. Nikainama, nikanusa. Yalinuka mafuta, yaleyale ya kijitoni.

Yule muuza mbegu ana sifa mbaya mjini. Angekana mchana kutwa, asingeaminiwa. Nakiri kwamba kwa hatua kama kumi hivi nilimwacha Shangazi aende.

"Shangazi, rudi!"

"Nikishamalizana naye!"

"Si mbegu. Ni mimi."

Nikamweleza yote, viroba vinane na mgongo wangu. Alinitazama kama mtu anayetafuta jiwe kwenye mchele.

"Nyasi zilizokunywa mafuta ukanimwagia shimoni."

"Si ulisema kilichotoka ardhini..."

"Hata mafuta yametoka ardhini, Profesa. Mbona hukuleta na lori lenyewe?"

Nikatoa hila. "Bwana Fomu anakuja kesho. Tuyafiche haya. Tumwonyeshe manane, tumwambie mengine tumeshawapelekea watu."

"Halafu watu wa familia hizo hamsini waje wachote shimo hilihili," alisema polepole, "wapande njaa kwa mikono yao. Kwa baraka zako."

Usiku ule niliisoma tena insha yangu. Kwenye kila ukurasa kulikuwa na mkosaji, na kila mkosaji alikuwa mbali.

Kesho yake tuliyapanga magunia yote ishirini kwenye mstari, mazima na mafu. Bwana Fomu akahesabu kwa ncha ya kalamu. "Manane. Na haya mengine yana nini?"

Shangazi aliniashiria kwa mwiko. Nikaeleza, safari hii kwa sentensi tano. Bwana Fomu alipekua karatasi zake mbele na nyuma.

"Hili halina sehemu ya kuliandika," alisema. "Na manane si ishirini, Mama. Siwezi kuombea." Akaitazama ile mboga ya kijani. "Chimbeni shimo jingine. Nitarudi baada ya wiki sita, unga utafika mpaka hapo na si zaidi. Ila nataka jina la mtu mmoja anayejua kila kinachoingia shimoni."

Kabla hajamaliza, mwiko ulikuwa umeshanielekea.

Nilichimba peke yangu, siku nne, na wenzangu wakanibatiza jina la Pua. Hakuna kilichoingia bila mimi kukinusa. Maganda nilinusa, majani nilinusa, hata mavi ya kuku niliyainamia huku wasichana wa mwaka wa kwanza wakishika mbavu.

Wiki ya tatu alikuja Mkuu wa Chuo mwenyewe, anasukuma toroli la nyasi za uani kwake, tabasamu mpaka masikioni. Nikainama.

"Mkuu, hizi haziingii."

"Kijana, unajua unaongea na nani?"

"Wewe nakujua, Mkuu. Nyasi zako ndizo nisizozijua."

Mkuu alichukua nyasi kidogo, akazifikicha. Vidole vikang'aa. Akazileta puani, akakunja uso.

"Mashine yangu ya kukatia inavuja mafuta," alisema kwa sauti ya chini.

Akaligeuza toroli, na mimi nikamsaidia kulivusha kizingiti cha uani. Dirishani Shangazi alikuwa ameshatoa kichwa.

"Mkuu, chai ipo! Ila unawe mikono kwanza!"