Karakana Iliyofagiliwa

Mpiga picha alifika kwenye karakana ya useremala ya baba yake kabla ya jua, roho mkononi, na alipofungua mlango alitamani kukaa chini alie. Mzee alikuwa amefagia. Maranda yote yalikuwa nje, sakafu imenyunyiziwa maji, na yeye mwenyewe kasimama katikati kavaa suti yake ya harusi, mikono kaibana ubavuni.

"Baba, umefanya nini?"

"Picha ya mwisho si ni leo? Ulitaka nipigwe kwenye uchafu?"

Kosa lilikuwa la binti mwenyewe. Siku zote za kujaribu picha hakumweleza kwamba ile miale ya jua inayopenya kwenye matundu ya misumari ya paa, aliyoipenda tangu utotoni, huonekana kwa sababu ya vumbi la mbao. Na kesho haikuwepo. Macho ya mzee yamechoka, karakana imeuzwa, na mafundi wa mmiliki mpya wangekuja saa moja kuezua paa.

Mtaa mzima umepigwa naye picha za vitambulisho, lakini ya baba yake akiwa kazini hana hata moja. Juzi aliubana mwanga unaoingia kwenye kamera ili miale itoke vizuri, mzee akatoka mweusi tii. Alipoonyeshwa akauliza, "Huyu mwizi aliingia lini?" Jana binti akauachia mwanga, uso ukatoka, miale yote ikamezwa na weupe. Amekuwa akigombana na kamera hiyo hata kwenye usingizi.

Nje, ngazi iliegemezwa ukutani. Mafundi walikuwa wamewahi, na jua nalo lilikuwa linachungulia.

"Vua koti, baba. Kata mbao."

"Mbao gani?"

"Yoyote."

"Mimi sikati mbao isiyo na kazi."

Binti alitaka kumtikisa. Huyu mzee angeweza kubishana na mtu anayemwokoa mtoni.

"Basi nitengenezee kigoda. Cha wateja wangu studioni."

"Sasa umesema." Koti likavuliwa. "Wateja wanene au wembamba?"

"Wa kila aina, baba, tafadhali."

Akapima. Akapima tena. Juu, bati la kwanza lilianza kulia. Ndipo msumeno ukashika, vumbi likapanda, na miale ikasimama chumbani, mmoja mmoja, kutoka kwenye bati hadi sakafuni. Binti akapiga: baba mweusi. Akauachia mwanga: miale imekwenda. Akaurudisha katikati na kupata ubovu wa pande zote mbili.

Mzee hakuwa na habari naye. Alichukua ubao mpana aliokwisha kuukata, akaupiga randa hadi ukawa mweupe, akauegemeza mbele yake aone kama umenyooka. Jua likaupiga, na uso wa baba ukajaa nuru kutoka chini: mikunjo, nyusi zenye vumbi, ulimi uliojitokeza pembeni ya mdomo kama kawaida yake akiwa anafikiri.

"Hapo hapo. Usiusogeze."

"Nani anausogeza? Napima."

Binti akaubana mwanga mpaka miale ikatulia, na safari hii uso haukuzama. Akapiga mara nne. Ya tano haikuwahi, kwani bati liling'oka, mbingu ikaingia, na miale ikafutika yote kwa mpigo.

Mzee aliisogelea kamera, akafinya macho. "Nimetoka mimi?"

"Umetoka wewe, baba."

Mzee akaangalia juu palipokuwa na paa, akaangalia ule ubao mkononi.

"Nimekata sehemu ya kukalia tu. Miguu bado," alisema. "Nitakimalizia wapi?"

Binti hakuwa amelifikiria hilo. Siku tatu alikuwa akihangaika na picha tu. Studio yake ni chumba kimoja, pazia na kiti cha plastiki. Bati la pili likang'oka.

Akaitupia kamera mgongoni, akaishika meza ya kupigia randa upande mmoja.

"Shika huko, baba. Pazia la studio nitalisogeza, meza ipate nafasi."