Pacha Aliyebaki

Fundi cherehani alikuwa na jibu moja kwa kila balaa la binti yake: damu. Binti huyo, Kimya, alipompasua mwanafunzi mwenzake mdomo shuleni, ilikuwa damu ya baba yake. Alipofukuzwa kwenye kiwanda cha mikate, kazi ya tatu hiyo, kwa kumrushia msimamizi sinia, ni damu tena. Mume wa fundi alikuwa mtu wa hamaki, Mungu amrehemu, na mtoto wa nyoka ni nyoka. Jibu hilo lilimfaa sana. Lawama zote zilimwendea marehemu, na marehemu habishi.

Lakini asubuhi hiyo, katika ofisi ya ustawi wa jamii, binti zake wote wawili walikuwa wamekaa mbele yake, mapacha wa kufanana mpaka mwanya wa meno. Kimya alilelewa na yeye fundi. Mwenzake, muuguzi wa watoto wachanga, alilelewa na mama yao mkubwa tangu akiwa na miezi mitatu. Huyo hajawahi kumwinulia mtu mkono maishani. Sasa hapo damu utaiweka wapi?

Kilichowakutanisha ni mtoto wa Kimya. Wahenga walisema majuto ni mjukuu. Mjukuu wa fundi alikuwa na miaka mitatu, amelazwa hospitali, mkono umevunjika, na aliyeuvunja ni mama yake mzazi. Afisa wa ustawi alitaka kujua kabla ya adhuhuri: mtoto arudi kwa mama yake, au akalelewe na mtu mwingine?

"Alikuwa analia," Kimya alisema, macho mezani. "Analia tu, hanyamazi. Mara jirani akabamiza mlango. Nikamvuta nimwingize chini ya kitanda. Sikutaka kumuumiza, jamani. Nilitaka asisikike."

"Asisikike na nani?" afisa akauliza. "Si mnaishi wawili tu?"

"Sijui, dada. Haki ya Mungu, sijui."

Fundi alijua. Angeweza kunyamaza, kazi aliyoizoea kwa miaka thelathini, lakini mficha maradhi kifo humuumbua, na safari hii aliyekuwa anaumbuka ni mtoto wake.

"Mimi ndiye niliyemfundisha," akasema.

Akawaeleza. Chini ya meza yake ya kukatia kulikuwa na sanduku la vipande vya nguo. Pacha mmoja alipoondoka, huyu aliyebaki ndiye aliyelazwa humo kila geti lilipobamizwa. Fundi alimfunika vitambaa, akamziba mdomo kwa kiganja, akangoja mumewe apite. Mume alipomkuta, kipigo kilimwishia fundi mgongoni. Baada ya miezi michache hapakuwa na haja ya kiganja. Mtoto akisikia geti hatoi hata sauti, anakodoa macho tu. Wateja waliokuja kupimwa wakamsifu: mtoto mpole huyu, hasumbui. Wakampa jina Kimya. Na yeye, mjinga wa kutupwa, akajivunia.

Afisa aliweka kalamu chini. Akasema kuna watu wanaozaliwa wepesi wa kushtuka, na huenda hawa wawili wamezaliwa hivyo wote.

"Kweli," muuguzi akasema. "Mimi wodini ndiye ninayemsikia mtoto aliyepaliwa kabla ya mtu yeyote. Wenzangu wananitania eti nina masikio ya sungura."

"Ndiyo hivyo," afisa akasema. "Wewe ulishtuka ukabebwa. Mwenzako alishtuka akazibwa mdomo. Basi mwili wake haujaacha kungoja geti."

Fundi alilia waziwazi, kamasi na machozi, bila kujali. Alitumaini ukweli ungemnunulia huruma kidogo. "Nisamehe, mwanangu. Nilikuwa nakuokoa."

Kimya aliinua macho. "Mama mkubwa alikuja kuchukua mmoja wetu. Kwa nini hukunitoa mimi?"

Fundi alijipangusa uso kwa ncha ya kanga. "Alikuwa na uwezo wa mtoto mmoja tu. Wiki ile mwenzako alishikwa na chango, tumbo likimsokota, analia kutwa kucha, na baba yenu alishaapa kumtupa nje. Nikaona atakayekufa ni huyo anayelia. Wewe wiki ile ulikuwa umetulia."

"Chango," Kimya akasema.

"Chango tu, mwanangu. Mlikuwa mnapokezana. Angekuja wiki moja kabla, ungekwenda wewe."

Hilo la mwisho afadhali angelimeza. Hakuna aliyemuuliza. Muuguzi aliinua mikono akafunika uso, kana kwamba yeye ndiye mwenye kosa.

Afisa alikohoa. Kwa maelezo haya, akasema, mtoto anaweza kurudi kwa Kimya, chini ya uangalizi, huku mama akitibiwa.

"Asirudi," Kimya akasema. "Jana jirani alibamiza mlango tena. Nilikuwa peke yangu ndani, mtu mzima na akili zangu. Nilipojitambua, nilikuwa chini ya kitanda." Akamsukumia pacha wake fomu ya ulezi iliyokuwa mezani. "Akae kwako. Akilia, mwache alie."

Muuguzi akaandika jina lake. Kisha wakasimama wote wawili kwenda hospitali kumweleza mtoto, maana lazima aambiwe na mama yake mwenyewe. Fundi naye akachukua mkoba.

"Nije nanyi?"

"Hapana, mama."

"Mjukuu wangu ananipenda, jamani. Ataniulizia."

"Najua anakupenda. Akikuona atataka kwenda kwako," Kimya alisema taratibu, bila hasira hata chembe. "Na kwako haendi."

Mlango wakaufunga polepole. Fundi akarudi kitini, na afisa akainamia fomu, akijifanya anaisoma.