Kitambaa cha Gwaride

Katika kiwanda kile hakuna aliyesikiliza redio ili kupata habari za vita. Redio ilisema kila siku kwamba mambo yanakwenda vizuri, na jambo linalokwenda vizuri mwaka wa tatu bila kwisha, hilo nalo lina lake. Habari za kweli zilisomwa mezani, kwenye vitambaa. Yakiagizwa makoti mazito yenye bitana, mafundi walijua vijana wamepandishwa milimani kwenye baridi. Vikiagizwa vyandarua, basi wameteremshwa bondeni. Na ile wiki waliyoshona mifuko mirefu ya zipu, yenye urefu wa mtu mzima, hakuna aliyeuliza ni ya nini, na hata wale wambea wa chumba cha pasi walifunga midomo yao.

Wa kwanza kuzipata habari hizo alikuwa mkata vitambaa, kwa sababu jora halifiki kwenye cherehani kabla ya kupita mikononi mwake. Wenzake walimwita Mama Mkasi. Mume wake alikuwa dereva wa malori ya jeshi, yuko huko huko vitani tangu mtoto wao anatambaa, na sasa mtoto anauliza maswali yasiyojibika. Kila jora jipya lilipobwagwa mezani, Mama Mkasi aliligusa kwanza kwa viganja kabla ya kulifungua, roho ikiwa juu juu. Alimtaka mume wake arudi, basi. Alimkosa kwa mambo ambayo mtu huona haya kuyasimulia: kukoroma kwake, miguu yake ya baridi, na ile tabia yake mbaya ya kumaliza chai halafu kurudisha birika tupu jikoni kana kwamba hajui lilivyofika hapo.

Mwenye kiwanda aliitwa Bei Chee, ingawa si mbele yake. Jina hilo alilipata kwa haki. Mteja wake alikuwa mmoja tu, jeshi, na usipomuuzia huyo, magwanda ya madoadoa utamuuzia nani, mabwana harusi? Kwa hiyo zabuni ilipotangazwa, Bei Chee alitaja bei ya chini kuliko gharama ya kitambaa na uzi, washindani wake wakabaki midomo wazi. Hesabu yake ilikuwa nyingine. Alijua mlango ukishafunguliwa, oda za nyongeza zitafuata, na za nyongeza hazishindaniwi na mtu. Vita vilirefuka, nyongeza zikaja, hasara ikageuka faida. Vita vya panzi, furaha ya kunguru. Ila kunguru huyu alikuwa amewaajiri wake wa panzi na dada zao, na akiwalipa kwa tarehe. Sasa mchukie ukiweza.

Mmoja wa hao dada alikuwa wifi yake Mama Mkasi, dada wa dereva, fundi wa vifungo, mwanamke mwenye ulimi mwepesi aliyekuwa akilea watoto wake bila msaada wa mtu. Ndiye aliyeitwa kwanza asubuhi ile kilipoletwa kitambaa kipya.

"Wifi, hebu njoo uone."

"Kuna nini tena? Kama ni ile mifuko mimi siji."

"Si mifuko. Njoo."

Kilikuwa kitambaa cha kijani kilichokolea, laini, chenye mng'ao, na juu yake boksi zima la vifungo vya rangi ya dhahabu. Wifi alitumbukiza mkono kwenye vifungo kama mtu anayepima mchele, akamtazama mwenzake.

"Gwaride," alisema polepole. Kisha akapaza sauti. "Gwaride! Hizi sare za mapokezi hizi! Kaka yangu anarudi, jamani! Mtu atapokelewa vipi na magwanda yaliyotoboka?"

Chumba kizima kilisimama. Wengine walicheka, wengine walikumbatiana, na fundi mmoja wa mikono ya mashati akauliza swali ambalo kila mtu alikuwa nalo lakini hakuna aliyetaka kulitamka.

"Sawa, wakirudi. Sisi tutashona nini?"

"Sare za shule," wifi akajibu.

"Kwa bei ya nani?"

"Wewe nawe! Wacha kwanza kaka yangu afike, njaa yako tutaijadili baadaye."

Wiki ile Mama Mkasi alikata kwa mkono mwepesi, akiimba. Nyumbani alipaka rangi chumba, akang'oa pazia akalifua, akamhamishia mtoto kwenye kitanda chake mwenyewe. Mtoto aligoma.

"Mimi nalala hapa siku zote."

"Hapo pa baba yako. Ulikuwa umeazimwa tu."

Ijumaa simu ililia. Kule aliko mtandao ulipatikana kwa bahati, na sauti ya mumewe ilikuja ikikatika katika.

"Huku hatujaambiwa kitu," alisema alipomaliza kusikiliza. "Nani kakwambia?"

"Sijaambiwa. Nimeona kwa macho yangu."

"Umeona nini?"

"Kitambaa."

Akacheka, kicheko kile kile cha zamani, na Mama Mkasi akaikandamiza simu sikioni mpaka likauma. "Basi kama kitambaa kimesema, mimi ni nani nikatae? Ngoja niwaambie wenzangu." Kisha sauti ikashuka. "Wewe, bado unalala upande wa ukutani?"

"Huo huo. Nimekuachia nafasi yako."

Simu ikakatika hapo. Alikaa nayo mkononi akitabasamu peke yake kama mwali, akisahau kwamba ngoja ngoja huumiza matumbo na kwamba sasa alikuwa amempa mtu mwingine naye kitu cha kungoja.

Jumatatu, sare zilipokuwa zimefikia kupigwa pasi, alikuja afisa wa jeshi wa ukaguzi. Alivuta mishono, akahesabu vifungo, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Bei Chee alipiga makofi kuwaita watu wote, uso unang'aa.

"Mabibi, nawaletea habari njema. Nchi imenunua magari mapya ya deraya kutoka nje. Magari mazito, si mchezo, na malipo yake ni ya miaka na miaka. Sasa walipokubaliana, wauzaji wamebanwa wakubali sehemu ya kazi ifanyike hapa kwetu. Viti na maturubai tutashona sisi. Miaka mitano! Hakuna wa kupunguzwa kazi humu ndani!"

Vigelegele vilipasua paa. Wanawake waliokuwa hawajui watakula nini mwezi ujao walirushiana vitambaa, na wifi mtu akawashinda wote kwa sauti. Mama Mkasi alisogea mpaka mbele ya afisa.

"Samahani, afande. Hizi sare kwani si za kuwapokea askari?"

"Ni za mapokezi, mama. Ya magari. Yatapitishwa kwenye gwaride, viongozi wayaone."

"Na walioko kule?"

Afisa hakuwa mtu mkali. Alitazama kofia yake aliyoishika mkononi. "Magari yanataka madereva," alisema. "Na mwenye uzoefu hawezi kuachiwa kirahisi."

Mama Mkasi aliitikia kwa kichwa. Alihitaji nini zaidi? Hakuna anayenunua sufuria jipya ili alale njaa. Nchi iliyokopa kununua magari ya vita itayatumia, na huyo anayelipwa kidogo kidogo kwa miaka hana haraka ya kuona mambo yanakwisha. Alijiona mjinga, tena mjinga aliyempa mtu matumaini kwa simu. Moyo ulimuuma waziwazi, pale pale, mbele za watu, akashindwa hata kulia. Nyuma yake sauti ya wifi ilikatika katikati ya kigelegele. Alikuwa ameelewa.

Mume hakupiga simu wiki ile, wala iliyofuata. Mama Mkasi aliomba apige, na papo hapo aliomba asipige, maana angemwambia nini? Mtoto alirudi kulala kitandani pa baba yake bila kumuuliza mtu, na hakufukuzwa. Kiwandani mambo yalinyooka. Mama Mkasi alipandishwa cheo, akawa mkuu wa meza zote za kukatia, akaongezewa mshahara. Wenzake walimpongeza kwa sauti ya chini, kama watu wanaotoa pole.

Kiti cha kwanza cha mfano kilipomalizika, Bei Chee aliuweka mkono wake juu yake kwa fahari. Mama Mkasi alikikalia. Kisha akainuka, akakibonyeza kwa ngumi, ngumi ikagonga chuma.

"Hiki cha nani?"

"Cha dereva."

"Sponji yake nyembamba, bosi."

"Ndiyo iliyopangwa."

"Mtu atakaa hapa kutwa, kwenye barabara ya mashimo."

"Mama, bei niliyowapa wale wauzaji wa magari haina nafasi ya sponji nene," Bei Chee alisema, tena kwa upole, maana alijua anazungumza na nani. "Nilishuka sana ili tupate kazi. Nikiongeza unene kidogo tu, nakula hasara mpaka oda ya nyongeza ije."

"Nyongeza itakuja lini?"

"Wakiyaharibu haya ya kwanza."

Mama Mkasi alikibonyeza tena kile kiti. Hakuwa akimuomba mtu yeyote amrudishe mume wake tena. Alikuwa ameelewa kwamba hilo haliko mikononi mwa aliye ndani ya chumba kile. Bado alitaka kumfanyia kitu, chochote, kiwe kidogo vipi.

"Ule mshahara ulioniongeza," alisema, "ukate. Nunua sponji nene."

"Usiwe hivyo, bwana. Haya, kiti kimoja nakuwekea bure, zawadi yangu kwa mumeo." Bei Chee alikuna shingo. "Lakini magari ni mengi. Utajuaje yeye atapewa lipi?"

"Sijui," alisema Mama Mkasi. "Ndiyo maana nataka vyote."

Mashine zilikuwa zimenyamaza. Bei Chee alifungua mdomo aeleze tena habari za hasara, na kabla hajaanza, wifi aliweka vifungo vyake mezani.

"Na wangu ukate," alisema.